Mama Wani na Neno Mafi

Mguu wa kushoto wa Jedidah Poni ulibaki kwenye njia ya Kajo-Keji, mwaka ambao mabomu ya kutegwa yalikuwa mengi shambani kuliko mihogo. Mwenyewe alibebwa juu ya mlango uliong'olewa nyumba ya mtu mpaka Uganda, akakaa kambini Adjumani miaka mingi, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akarudi Juba na magongo mawili na mtoto mmoja, Wani. Ukimwuliza habari za ule mguu atakwambia ndiye raia pekee wa familia yao ambaye hakuwahi kuwa mkimbizi. Ulikataa kuvuka mpaka, ukabaki kuijenga nchi. Anasema hivyo kwa uso mkavu, halafu anakutazama kama utathubutu kucheka.

Anaishi Gurei, chumba kimoja cha mabati, na sokoni anauza karanga za kusaga katika vikopo. Majirani humwita Mama Wani, ingawa Wani hayupo.

Julai ile ya mizinga, vita vilipoingia Juba, Wani akiwa na miaka ishirini, alitoka asubuhi na dumu la njano kutafuta maji. Hakurudi yeye wala dumu. Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeona maiti. Tangu hapo mama yake amekuwa akimhesabu. Wakija watu wa vyandarua, nyumba hii ina watu wawili. Kanisa likiandika waumini, wawili. Mgawa mtama akiuliza, wawili, na mmoja ametoka kidogo. Asiyemjua angedhani ni mwizi. Chandarua cha Wani kimo kwenye mfuko wake, hakijafunguliwa.

Basi ukaja mpango wa ruzuku ya walemavu. Serikali ilitangaza kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye pikapu, na kwa kuwa kipaza sauti chenyewe kilikuwa kibovu, tulichosikia vizuri ni wimbo tu. Wiki iliyofuata akaja binti mmoja mwenye kompyuta ya mkononi, jina lake Caroline, mpole, mwenye haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alikuwa na maswali sita. Je, mama ana taabu ya kuona? Ya kusikia? Ya kutembea? Ya kukumbuka? Ya kuoga na kuvaa mwenyewe? Ya kuelewana na watu?

Sasa hapa lazima ujue jinsi sisi tulivyo. Mgeni akiingia kwako Juba akaanza kukuuliza hali, hata kama paa limekuangukia, jibu ni moja: mafi muskila, hakuna shida. Ni adabu tu, na adabu ya Jedidah ilikuwa imekomaa kambini, ambako mlalamishi alirudishwa mwisho wa foleni. Binti kauliza macho, mafi muskila. Masikio, mafi muskila. Kutembea je? Jedidah, ameketi, kanga imefunika miguu yote miwili, ule uliopo na ule wa Kajo-Keji, akajibu kwa tabasamu: mafi muskila. Akamaliza yote sita namna hiyo, akamkaribisha binti chai. Kompyuta ikamkuta na afya kuliko jeshi zima, ikamtupa nje ya orodha.

Jirani yake Betty, muuza chapati mwenye mdomo usiofungwa hata kwa gundi, aliposikia alikaa chini kwanza acheke. Kisha akamwitia bodaboda, akamtuma ofisini kukata rufaa.

Karani aliyempokea aliitwa Ajak, kijana aliyelelewa Kakuma, Kiswahili chake cha Kenya kimenyooka kama rula. Alitazama magongo, akatazama kompyuta, akafuta lile jibu la tatu bila kuuliza zaidi. Halafu akamweleza masharti polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba. Kuwa na ulemavu mkubwa ni mlango wa kwanza, na huo mama ameupita. Wa pili, nyumbani asiwepo mtu mzima mwenye nguvu, wa miaka kumi na minane hadi sitini, kwa sababu serikali inaamini mtu kama huyo anafanya kazi. Kwa nini inaamini hivyo katika mji huu, hilo halikuandikwa popote. Wa tatu, barua ya chifu wa mtaa, na hiyo Jedidah alikuwa nayo.

Ajak akasoma mstari uliofuata, akasita. Nyumba ya watu wawili. Wani, mwanamume, miaka ishirini na tisa.

Akamwuliza kwa lugha ya wote, Kiarabu cha Juba, kwa sababu swali lenyewe kwa lugha hiyo ni fupi. Fi maana yake yupo. Mafi, hayupo.

"Wani fi wala mafi?"

"Fi," akasema Jedidah.

"Yuko wapi, mama?"

"Yeye iko. Mimi sijui wapi."

Ajak si mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya siku ile iwe ngumu. Mtu mbaya angegonga muhuri wa kukataa, wote wakaenda kula. Yeye aliinama mezani akamwambia taratibu kwamba neno mafi ni neno la rehema. Mtu aliyekwenda sokoni ni mafi. Aliyehamia Nairobi, mafi. Aseme tu mafi, ya kutokuwepo nyumbani, na yeye atajua la kufanya.

"Na kwa hiyo karatasi yako utaandika nini?" Jedidah akauliza.

Hapo Ajak akageuza kompyuta amwonyeshe, maana hakutaka kumdanganya. Kompyuta haijui mafi. Ina visanduku vitatu: yupo, amehama, amekufa. Akiwa amehama, sheria inasema kijana mwenye nguvu humtumia mama yake msaada, kwa hiyo mlango wa pili unabaki umefungwa. Kilichoweza kuufungua ni kisanduku cha tatu peke yake.

Jedidah akachukua magongo yake, akamshukuru, akaondoka.

Huenda angeishi hivyo hivyo, kama si bega. Mwezi uliofuata gongo la kulia liliteleza kwenye matope ya soko, akaangukia bega, na bega hilo likakataa kazi. Bega likikataa, gongo halina mwenyewe na jiwe la kusagia nalo halina mwenyewe. Vikopo vikakaa vitupu. Alikula kwa Betty mara moja kwa siku, na kwa mtu aliyesaga karanga kilo kwa kilo maisha yake yote, kuletewa chapati iliyofunikwa sahani ni aibu inayokaa kooni.

Betty akamkalia, arudi ofisini. Akamwambia kompyuta si Mungu, ukiiambia mtu amekufa hafi. Jedidah akauliza, je, Wani akirudi, askari wa kizuizi cha barabarani akatazama jina lake akakuta anaongea na marehemu? Betty akasema marehemu wamejaa mjini, wengine wamo hata kwenye orodha za mishahara, wanapandishwa vyeo, na hakuna askari aliyewahi kuwasumbua. Jedidah alicheka. Kisha akasema jambo ambalo Betty alinisimulia baadaye bila utani hata chembe: kwamba miaka yote hii, kila mtu akija kuandika orodha yake, Wani alikuwa hai mahali pamoja tu, mdomoni mwake yeye. Na mdomo ni wake. Ukifunga, hakuna mwingine.

Uandikishaji ulikuwa unafungwa Ijumaa. Alhamisi hakula, chapati aliikuta paka. Ijumaa asubuhi akaoga, akavaa gauni la kanisani, akamwomba Betty ampandishe kwenye bodaboda.

Ajak alimtambua. Alimtolea kiti, akafungua ukurasa wake. Alingoja.

"Mafi," akasema Jedidah.

"Mafi ya wapi, mama?"

"Ya hapo kwa tatu."

Ajak akabonyeza kisanduku cha tatu. Kompyuta, ambayo haishibi, ikafungua mstari mwingine ambao hakuna aliyekuwa ameufikiria. Ilitaka tarehe ya kifo, na bila tarehe haikusogea mbele. Ajak akaomba radhi kwa ajili yake, kama mtu anayeomba radhi kwa mbwa wake. Akasema anaweza kuweka Julai ya mwaka ule, wengi walifanya hivyo.

Jedidah akatikisa kichwa. Julai Wani alikuwa hajafa. Wala mwaka uliofuata, wala Krismasi iliyopita.

"Andika leo," akasema.

"Leo, mama?"

"Asubuhi mimi natoka nyumbani, yeye alikuwa iko."

Ajak akaandika leo. Kompyuta ikatoa mlio wa furaha na maneno ya kijani: Hongera, umestahili. Walikuwa wamefundishwa kuyasoma kwa sauti, mteja afurahi. Ajak akafunika kioo kwa kiganja.

"Pole sana, mama," akasema.

Aliporudi Gurei hakwenda chumbani kwake. Alishukia kwa Betty, akamwambia aanze bika, kilio. Betty alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu haukutoka utani. Alizima jiko la chapati, akatandika mikeka. Wanawake wakaja na sukari na majani ya chai, wanaume wakaleta miti na turubai. Aliyeuliza msiba umetokea lini, Betty alimjibu leo, na kama mtu huyo alikuwa mgeni mtaani akataka kujua maiti iko wapi, alipewa kikombe akaambiwa akae. Mchungaji naye akaja, akauliza aombe vipi pasipo kaburi. Wakamwambia aombe tu.

Jedidah walimketisha katikati, magongo yamelazwa ukutani, mguu wake mmoja umenyooka mbele. Akalia mpaka sauti ikakatika, kilio cha mwanamke aliyefiwa siku hiyo hiyo.