Nyuzi za Juu za Msabah

Mwaka ule kipupwe kilimkuta Msabah hana nafasi hata ya kujikuna. Masika yalikuwa yamekwisha, wageni wameanza kujaa mahotelini, na kila mwenye binti wa kuoza alitaka taarabu. Ijumaa yuko hoteli ya Kendwa anawapigia Wazungu wanaokula pweza, Jumamosi ana harusi Ng'ambo, Jumapili asubuhi yuko shambani kwake Tunguu na jembe mkononi, kwa sababu magugu hayajui kama mtu ni fundi wa ganuni. Nyumbani kwake Malindi, mtaa wa mjini, juu ghorofani, alikuwa anafika kula na kulala tu, na hayo nayo kwa haraka.

Ganuni ni chombo kinachotaka adabu. Ni sanduku bapa linalolazwa mapajani, lina nyuzi sabini na kitu, na mpigaji huvaa pete zenye risha za kudonolea nyuzi kwenye vidole vya shahada. Kabla ya wimbo kuanza huchukua ufunguo wake mdogo wa shaba, akakaza huku, akalegeza kule, mpaka aridhike. Wenzake wote hungoja. Fidla hufuata sauti yake, udi nao hufuata. Ndivyo kikundi chao kilivyokwenda tangu Msabah akalie kiti hicho, na kwa kuwa nusu ya wapigaji aliwafundisha mwenyewe, hapakuwa na wa kumuuliza kwa nini amekaza uzi huu na ule kauacha.

Juu ya shughuli zote hizo kulikuwa na moja iliyozipita. Khairat, bintiye wa pekee, alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi wa sita. Khairat hakumtaka baba yake dhahabu wala ukumbi wa fahari. Alimwomba kitu kimoja: apigiwe wimbo aliotungiwa wiki aliyozaliwa, tena upigwe vile vile ulivyopigwa siku ya akika yake, ganuni ya babake na akodiani ya Mzee Jaku. Msabah alikubali kabla binti hajamaliza kusema.

Kazi ilikuwa kumpata huyo Jaku. Alikuwa fundi cherehani wa Kikwajuni, amesoma na Msabah chuo kimoja cha Kurani, na akodiani yake imelia kando ya ganuni ile tangu wote wawili hawana ndevu. Lakini msimu huu hakuonekana jukwaani hata mara moja. Kila akiitwa jibu lake ni lile lile, akodiani imetoboka mikunjo, inavuja upepo. Mwanzo Msabah alimhurumia, halafu akamkasirikia, mwisho akawa anamsema barazani. Alisema Jaku amevimba kichwa, anataka abembelezwe kama bibi harusi. Maneno hayana miguu lakini yalifika Kikwajuni siku ile ile, na Jaku akaendelea na kushona kwake.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Maisara, mkewe, alikuwa akiita kutoka jikoni, "Baba Khairat!", asipate Naam. Huita tena, kimya. Akitoka humkuta mume kakaa ukumbini, macho makavu, utadhani hakuitwa yeye. Mwanamke huvumilia mengi, lakini kuitikiwa ni haki yake. Siku moja Maisara alichoka, akamwambia waziwazi kuwa sifa za Kendwa zimempanda kichwani, na akamaliza kwa kusema kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Baadaye alitamani angelimeza neno hilo.

Jumapili moja walikwenda Tunguu pamoja kutazama mikungu ya ndizi kwa ajili ya harusi. Msabah alilionea haya shamba lake. Bamia zilikuwa zimekomaa mtini kwa kukosa wa kuzichuma, mchicha umekwisha kutoa maua, na bilingani alizozipanda kwa mkono wake mwezi wa nne zilikuwa zimesongwa na ndago. Alikuwa anang'oa na kujilaumu pale Maisara aliposimama chini ya mgomba, akatazama juu huku anacheka. Ndege mdogo, chozi, alikuwa ananing'inia kwenye ua la mgomba.

"Hebu msikilize huyu," alisema. "Anatufukuza, ati shamba lake."

Msabah akatazama. Aliona mdomo mwembamba ukifunguka na kufumba, na manyoya ya koo yakitetemeka. Alisikia upepo kwenye majani ya migomba, akasikia na lori lililokuwa likipita barabara ya chuo kikuu. Sauti ya ndege hakuisikia.

"Kwani analia?" aliuliza.

Maisara aliacha kucheka. Alimtazama mumewe, kisha akainama kuchuma bilingani, na Msabah naye akainama, kila mmoja na tuta lake. Tangu siku hiyo hakumwita tena kutoka jikoni. Alikuwa anakuja mpaka alipo, akamgusa bega. Msabah angeliona afadhali agombwe.

Alijiambia kuwa ndege si muziki. Alijiambia kuwa ni uchovu, ni maji ya kuoga yaliyoingia sikioni, ni kelele za vipaza sauti vya hotelini. Mtu akitaka kujidanganya hakosi wakili. Na Ijumaa iliyofuata, Kendwa, fidla zilimfuata vizuri mno, wageni wakapiga makofi, akarudi mjini moyo umemtulia.

Wiki ya harusi ilipoingia aliumeza ukubwa wake, akachukua gundi na vipande vya ngozi laini, akenda Kikwajuni. Ikiwa mikunjo imetoboka ataiziba mwenyewe. Alimkuta Jaku kwenye cherehani anashona kanzu. Wakaamkiana, Jaku akampisha akae, akaagiza kahawa, wala hakugusia maneno ya barazani. Alipoulizwa iko wapi akodiani alisema iachwe tu, haifai tena. Lakini Msabah alikwishaliona sanduku uvunguni. Akalivuta, akaitoa akodiani, akaipanua mpaka mwisho, akaibana. Haikuvuja hata chembe ya pumzi.

"Nzima hii," alisema Msabah. "Msimu mzima unanambia mbovu."

Jaku aliondoa mguu kwenye cherehani. Alizungumza huku anaitazama kanzu.

"Fidla inaweza kukufuata, Msabah. Mpigaji anasogeza kidole, basi. Akodiani haina pa kusogea. Sauti yake imetoka nayo kiwandani, haipandi wala haishuki. Ningalipiga, watu wangalikusikia."

"Wangalinisikia nini?"

"Nyuzi za juu unazikaza mno. Tangu Ramadhani haijaingia."

Msabah aliuliza ni nani mwengine anayejua. Jaku akamjibu kuwa wanajua wote. Kurwa, yule mwanamke wa fidla ya kwanza aliyefundishwa na Msabah tangu hajui kushika upinde, ndiye aliyeanza kusogeza kidole, na wenzake wakamfuata. Hawakukaa kikao wala hawakuambizana. Kila mmoja peke yake aliona kuwa maalim wake hawezi kuambiwa mbele za watu kuwa anakosea, na nyuma ya watu hakuna aliyejaaliwa ulimi.

Heshima hiyo. Kikundi kizima cha watu wazima kinapiga kosa kwa makusudi, kinakosea kwa ufundi, kusudi mtu mmoja asione haya. Ni kumfunga mtu kitambaa cha macho, kisha mkamsifu kwa mwendo wake. Mficha maradhi kilio humfichua, wamesema watu wa zamani, lakini hawakusema itakuwaje maradhi yakifichwa na ukoo mzima. Na Jaku ambaye chombo chake hakijui kudanganya alichagua kukaa nyumbani, akaacha kazi za msimu, akakubali kuitwa mvivu na mwenye kiburi.

"Na yale nliyokusema barazani?" Msabah aliuliza.

"Yalinifika yote," alisema Jaku. "Mimi masikio yangu mazima."

Ilikuwa utani, na Msabah nusura acheke, lakini alipofungua mdomo alilia. Alilia akiwa na gundi mkononi. Masikio yalimuuma, lakini ulimi wake ulimuuma zaidi.

Alipomweleza Maisara alikuta mwenziwe anajua tangu siku ya ndege, na wakaombana radhi hapo hapo jikoni. Maisara akampeleka kwa daktari, na daktari akasema kwa upole kuwa kilichokwenda hakirudi, kitunzwe kilichobaki. Msabah alitaka wimbo uachwe, au kiti akalie mwengine. Maisara akamuuliza ni nani atakayemwambia Khairat. Hapo Msabah akaliacha neno hilo, kwani kitu kimoja alichokuwa bado anakiogopa ni kumwona binti yake akimhurumia siku ya harusi yake. Jaku ndiye aliyetoa shauri: ampe Kurwa ufunguo.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, ukumbi ulinuka udi na asumini. Khairat alikuwa amekaa mbele, mikono imejaa piku nyeusi na hina, amezungukwa na shangazi zake. Wapigaji walikaa mahali pao, na Jaku kando ya ganuni, akodiani kifuani. Kurwa akaja, akapiga magoti mbele ya Msabah.

"Niwie radhi, Maalim," alisema.

Msabah akampa ufunguo. Haukuwa umepata kushikwa na mkono mwengine tangu aununue. Jaku akatoa sauti moja moja, Kurwa akalegeza uzi baada ya uzi, na ukumbi mzima ulikuwa unaona. Kina mama wawili watatu walinong'onezana. Kurwa alipomaliza, Msabah aligusa uzi wa juu kwa risha. Kwake yeye ulikuwa umeporomoka, umelegea, chachu tupu. Mwili wake wote ulimwambia akaze. Mkono wake wa kulia ulikwisha kwenda kuutafuta ufunguo, ukakuta hakuna kitu, na akamgeukia Jaku.

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

"Wallahi?"

"Wallahi," alisema Jaku.

Basi akapiga. Wimbo wa mwanawe aliusikia umeharibika tangu mwanzo hata mwisho. Kila alipopanda juu sikio lilimwambia muongo wewe, acha, na yeye akaendelea, macho kwenye vidole vya Jaku. Palipo juu kabisa hakusikia sauti ya namna yoyote ila risha inagota, tik, tik. Aliziamini nyuso za watu. Aliona wanawake wananyanyuka na noti kutunza, akaona vigelegele kabla hajavisikia, akamwona Maisara ameshika shela mdomoni. Alipiga mpaka kituo cha mwisho, na akodiani ya Jaku ikafunga pamoja naye.

Khairat alimwita. Msabah akaenda na pete zake vidoleni, akainama, na binti akamsemea karibu ya sikio.

"Baba, hujapata kupiga vizuri kama leo."

"Alhamdulillahi," alisema Msabah. "Na zile nyuzi za juu, ulizisikia?"

"Zote."

Msabah alikusudia kuishia hapo. Lakini alikuwa amechoka na kufichana, na huyu alikuwa mwanawe.

"Hebu nambie," alisema, "zilikuwaje?"

Khairat akamtazama babake, akafahamu kuwa hakuzisikia, na tabasamu likamfifia polepole. Kisha akamshika mkono, akamvuta akae karibu yake, akaanza kumwambia.