Jina la Mama Mkwe Wangu

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimelitoa kwa watu vya kutosha, na nimeona walivyolifanya. Nitasema tu kwamba ni jina la Kijapani, fupi, lina herufi tatu, na ya mwisho ni e, e ile ile ya embe. Ukijua kusoma Kiswahili tayari unajua kulitamka. Mume wangu aliponifundisha alisema, "Soma tu vile imeandikwa," nikalisoma, naye akacheka kwa furaha. Lilikuwa jina la mama yake, na huku ugenini hakuwa amelisikia likitoka sawasawa kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Alikuja Machakos kufundisha kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi. Tulioana kwa taratibu zetu. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa, waliletwa kwa baba yangu Mitaboni, wakachinjwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kusema mimi si mke wa mtu. Kwa hivyo binti yetu alipozaliwa hapakuwa na mjadala, maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mume. Hakuna aliyeuliza kama jina ni la Kikamba au ni la ng'ambo. Mama yangu alimpakata mtoto, akamwita kwa jina hilo, e yake imesimama wima, kisha akaniuliza kama nimekunywa uji.

Kumpa mtoto jina la mtu si kumkumbuka mtu huyo tu. Mtoto ndiye yeye. Hata leo nikimfokea binti yangu mbele ya mama, hunikatiza: "We, hiyo ni mama mkwe wako unapigia kelele." Watu hucheka, na mimi hucheka, lakini sauti naishusha.

Mume wangu alienda kwao kusalimia, mtoto akiwa bado anajifunza kutembea. Aliugua huko, akafia huko, akazikwa huko. Sikufika. Nilichobaki nacho ni mtoto, na simu ya video ya mama mkwe kila Jumapili tukitoka kanisani.

Mama mkwe wangu hajui Kiswahili wala Kiingereza. Mimi najua salamu chache za Kijapani, nazo huniishia kabla chai haijapoa. Binti yangu hajui hata hizo. Basi walichokuwa nacho wale wawili ni lile jina. Bibi alimwita mjukuu, akimnyoshea kidole. Mjukuu naye akalirudisha, akimnyoshea bibi kidole. Walilitupiana huku na huku, mara kwa kunong'ona, mara kwa kuimba, na yule mama aliyemzika mwanawe wa pekee alicheka akijifunika mdomo kwa kiganja. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika simu.

Halafu tukaingia shule ya Kiingereza.

Ni shule nzuri, kila mtu mjini atakuambia. Watoto wana soksi ndefu na basi lao la manjano, na wanajibu salamu kama watangazaji wa redio. Mwalimu wa darasa alipofika kwenye jina la binti yangu aliliona ni la kigeni, na kwa hesabu zake kila kilicho kigeni ni Kiingereza. I akaipanua ikawa ai. E akaimeza. Kilichobaki kilikuwa kitu kama mlio wa mtu aliyekanyagwa kidole.

Nilienda kumwona. Ni msichana mpole, mzaliwa wa Kathiani, na jina lake la Kikamba lina irabu mbili zilizofuatana ambazo hakuna mtoto wa darasa lile amewahi kuzikosea.

"Mama, kwa Kiingereza ndio inatamkwa hivyo," aliniambia. "Hiyo e ya mwisho hainaga sauti."

"Lakini hiyo si jina ya Kiingereza, mwalimu. Ni ya nyanya yake. Yuko hai."

"Naelewa. Lakini sisi tunamsaidia. Akienda huko nje hawatamcheka."

Nilitaka kumwuliza huko nje ni wapi. Mwenye jina yuko huko huko nje, na ndiye anayeitwa kwa hiyo e tangu azaliwe. Lakini mwalimu alikuwa anatabasamu kwa subira, vile anavyomtabasamia mtoto aliyekosea kujumlisha, nikaona nimeshapangiwa dawati langu. Nilimwuliza kama angalau atajaribu. Alisema atajaribu. Kama alijaribu, alijaribu kwa siri.

Wasemavyo, mkataa kwao mtumwa, na mimi nilidhani methali hiyo ni ya wanaoenda Ulaya wakarudi hawajui ugali. Sikujua mtu anaweza kukataliwa kwao kwa niaba yake, akiwa ameketi darasani na penseli mkononi. Jioni nilimwita aje ale, naye akaniambia kwa upole, "Mami, si hivyo. Ticha amesema ni hivi." Akanitamkia, polepole, nisikie vizuri. Nilimpakulia chakula. Nilikuwa na hasira, nayo haikuwa na mahali pa kwenda, maana mtoto hakuwa na kosa.

Siku ya kufunga shule alikuwa na shairi la kukariri. Nilimpigia mama mkwe simu ya video nikainua mkono juu ya vichwa vya wazazi, aone jukwaa. Kwake ilikuwa tayari jioni. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Watoto walikuwa wanaitwa mmoja mmoja. Jina la binti yangu likatangazwa kwa kipaza sauti, kwa namna ya shule, wazazi wakapiga makofi. Kwenye simu mama mkwe alitulia, mikono mapajani, akisubiri mjukuu wake aitwe.

Alipomwona jukwaani ndipo alipoanza kupiga makofi, peke yake, wengine wakiwa wamenyamaza kusikiliza shairi.

Baadaye binti yangu alikuja mbio na wenzake, nikampa simu. Bibi akamwita vile alivyomwita siku zote. Mmoja wa wale wasichana akacheka. Binti yangu akaona haya, akamwambia bibi yake, "Si hivyo," kisha akamtamkia kile cha shule. Mama mkwe hakuelewa maneno, lakini uso wa mtoto aliuelewa. Midomo yake ikajaribu bila sauti, mara moja, kisha akainamisha kichwa vile kwao wanavyofanya wakiaga. Nilichukua simu, na mimi nikamwinamishia kichwa.

Jumapili iliyofuata mama yangu alikuwa amekuja kutoka Mitaboni kututembelea. Alikuwa ameketi karibu na dirisha akimenya mbaazi. Simu ikalia. Mama mkwe wangu alikuwa amechana nywele vizuri na ameketi karibu kuliko kawaida. Alivuta pumzi, akafungua mdomo kwa uangalifu, akamwita mjukuu wake kama shule inavyomwita. I ikawa ai. E haikuwepo. Lilitoka safi kabisa, la mtu aliyefanya mazoezi wiki nzima akiwa peke yake.

Binti yangu akaitika papo hapo, akafurahi, akampungia mkono. Bibi naye akafurahi, akarudia tena na tena.

Mama yangu aliinua macho kutoka kwenye mbaazi.

"Anaita nani?"

Nikamwambia anaita mtoto.