Gari Lililoishia Kwenye Masale

Harufu ya puti ya gari ikikwanguliwa kwa msasa hunitia hasira mpaka leo. Kuna kijana hapa mtaani Soweto, Moshi mjini, nyuma tu ya nyumba yangu, anayefufua vigari vya zamani na kuvikodisha kwa maharusi. Kila Jumamosi anakwangua, vumbi linaingia jikoni kwangu, nami nafunga dirisha kwa kishindo. Maskini anadhani nina ugomvi naye. Sina. Ugomvi wangu ni na wanaume wawili ambao hawapo tena duniani, ndugu wa tumbo moja. Kaeni niwaambie.

Gari lilikuwa la Babu. Alilinunua enzi kahawa ilipokuwa kahawa, gari dogo la mgongo wa duara, injini nyuma, aina ile watu waliyoiita kobe. Babu alidai ndilo lililokuwa la kwanza kupanda mpaka kwetu Old Moshi bila kusukumwa, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Alipofariki lilikuwa limeshalala migombani miaka mingi, matairi yamezama udongoni, na kuku wa Bibi walikuwa wakitaga mbele, pale ambapo magari mengine huwekwa injini.

Mila yetu Wachagga iko wazi. Kitinda mimba hurithi nyumba ya baba na kihamba, shamba la migomba linaloizunguka. Kifungua mimba hupewa kihamba chake mapema, kando. Baba yangu alikuwa kitinda mimba. Baba Mkubwa alikuwa kifungua mimba, na shamba lake lilikuwa upande wa chini, kati ya nyumba yetu na barabara. Kwa ng'ombe mila ilikuwa na jibu, kwa mbuzi pia, hata kwa pipa la kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwa gari haikuwa na jibu lolote. Wazee wa ukoo walikaa uani kwetu kutwa nzima wakibishana. Baba Mkubwa alisema gari ni lake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpeleka Babu hospitali nalo lilipokuwa zima. Baba akasema hilo lilikuwa jukumu, halikuwa hati ya kurithi. Mwishowe wazee wakaamua kwamba kilicholala uani ni cha mwenye ua. Baba Mkubwa akaweka chini kata yake ya mbege, bado nusu, akaondoka bila kuaga. Kwetu mtu mzima haachi mbege kwenye kata ila anapotaka kutukana bila kufungua mdomo.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya mjini vilipokuwa vikiuzwa. Baba alipunguzwa kazini, akarudi nyumbani na sanduku la spana na hasira zisizo na pa kwenda. Akazipeleka kwenye gari. Alitoa kuku, akatoa viota, akatoa viti vilivyooza vikinuka mvua na panya. Alikwangua kutu mpaka vidole vikatoka damu, akaziba matundu kwa puti, na visu vya Mama vya kumenyea ndizi vikageuka vifaa vya gereji. Mama alinung'unika, "Mae! Siku moja tutakula bati kwenye mtori." Kabureta alilipata mjini kwa fundi mmoja wa Kisingasinga aliyekuwa na vipuri vya kobe mpaka chini ya kitanda. Vitambaa vya viti vilitoka kwenye mapazia ya mitumba, yenye maua makubwa mekundu. Rangi ilikuwa ya bluu, iliyobaki walipopaka milango ya kanisa. Niliona hakuna gari zuri kama lile popote duniani, na kusema kweli sijabadili mawazo.

Mimi nilikuwa najiandaa kwa Komunio ya Kwanza. Siku moja Baba alitoka chini ya gari, uso mweusi wa grisi, akaniambia, "Vero, Komunio yako hutakwenda kwa miguu. Utakaa kiti cha mbele, na gauni lako halitaona tope." Sikulala kwa furaha. Shuleni nilitangaza mpaka wenzangu wakanichoka.

Baba Mkubwa alikuwa akipita kila siku kwenye njia yetu ya kwenda barabarani, iliyokatiza shamba lake, mikono nyuma, koti lake refu likigusa nyasi. "Bado mnafukua maiti?" alizoea kuuliza. Mama alinilazimisha kumwamkia, nami nilitoa shikamoo iliyofaa kumtemea mbwa. Alijibu marahaba bila kunitazama. Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, ikakohoa, ikatoa moshi uliofunika migomba yote, tulipiga vigelegele. Moshi ulipotawanyika tulimwona amesimama shambani kwake, akitutazama.

"Tengeneza, mdogo wangu," alisema. "Tengeneza vizuri."

Kesho yake tuliporudi kutoka kisimani, njia ilikuwa imefungwa. Hakuweka ukuta wala magogo. Alikuwa amepanda masale, mstari mmoja kutoka mwisho wa shamba mpaka mwisho, akaacha pengo la mtu kupita na ndoo yake. Mgeni angecheka, majani tu, mtoto angeyang'oa kwa mkono mmoja. Lakini sale ndilo mpaka wetu, na ndilo jani la msamaha pia. Mwenye kosa akikuletea sale, huwezi kumkatalia. Anayeling'oa hajakosana na jirani tu, amekosana na waliozikwa chini ya ardhi ile. Hakuna mtu mlimani kote ambaye angelitia panga. Na ubaya zaidi, shamba lilikuwa lake kweli. Njia ilikuwa hisani ya Babu tu.

Baba alirudi kutoka mjini, akautazama udongo mbichi, akaniambia nimletee spana namba kumi na tatu. Aliendelea kufunga breki. Majirani nao walijifanya hawaoni. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Siku ya Komunio ilifika. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilikaa kiti cha mbele, gauni jeupe, soksi nyeupe, taji la maua ya plastiki. Baba aliwasha gari, tukateremka polepole hadi kwenye masale, akasimama. Ng'ambo ya pili alikuwa Baba Mkubwa na fimbo yake. Injini ikanguruma. Watu waliokuwa wakienda kanisani walianza kusimama barabarani.

Ndipo Mama Aloyce, mjane wa shamba la juu, alipokuja akikimbia, kanga imemlegea. "Baba Vero," alisema, "geuza gari. Pitia kwangu utokee barabara ya juu. Nitakata migomba yangu miwili, mtoto asichelewe." Mnaotoka mlimani mnajua maana ya mjane kukata mgomba wenye mkungu. Panga alikuwa nalo mkononi.

Baba hakumgeukia. "Gari ya baba yangu haitatoka kwa mlango wa nyuma," alisema. "Itapita njia ya baba yangu, au haipiti."

Vijana waliokuwa barabarani wakashangilia. Nami, na taji langu, nilipiga makofi. Nilimwona Baba yangu mrefu kama mlima.

Tulikaa pale mpaka kengele ya kanisa ikalia. Mama akafungua mlango, akasema, "Shuka." Nilipita kwenye lile pengo la ndoo, karibu kabisa na koti la Baba Mkubwa, nikateremka na tope. Nilifika soksi zimekuwa nyekundu, wenzangu wameshaingia kwa maandamano, na katekista akanisukuma mwisho wa mstari. Nilipokea Komunio yangu ya Kwanza nikiwa nimejaa chuki mpaka kooni, na chuki yote nilimpelekea mtu mmoja.

Gari halikutoka kamwe. Kila Jumapili Baba aliliwasha, akaliendesha kutoka jikoni mpaka kwenye masale na kurudi kinyumenyume, apate kumfukizia kaka yake moshi. Alifanya hivyo mpaka uzee. Baba Mkubwa naye kila Jumapili alitoka kusimama na fimbo yake. Sikuwahi kuwaona wakikosa.

Msidhani nimemsamehe Baba Mkubwa. Sijamsamehe. Lakini mwaka juzi nilikuwa namvisha binti yangu gauni la Komunio, nafunga vifungo vya mgongoni, yeye akiuliza kila dakika kama tutachelewa. Nikamwambia hatutachelewa hata kama itabidi nimbebe. Hapo nikaachia vifungo. Nikamwona Mama Aloyce na panga lake, nikalisikia jibu la Baba upya, bila zile shangwe. Nilimuuliza Mama, aliyekuwa amekaa kitandani akitutazama, kwa nini Baba hakugeuza gari siku ile.

"Hakulitengeneza ili ukae," Mama alisema. "Alilitengeneza ili kaka yake aone."

Miaka yote nilidhani mtu aliyenizuia alisimama mbele ya gari. Kumbe mwingine alikuwa kando yangu, mkono kwenye gia, na gia ya kurudi nyuma ilikuwa nzima. Aliitengeneza mwenyewe.