Msichana wa Kemia na Supu Yangu

Msichana wa kemia alikuwa na alama za miwani ya maabara usoni, kama punda aliyevuliwa hatamu, na vidole vya manjano visivyosikia sabuni. Kila mchana katika bwalo la chuo nilikopika, nikimpa supu ya kuku, hainusi kama watu. Hushika bakuli mbali, akapunga mkono juu yake ili mvuke umfikie puani kidogo kidogo.

"We binti, supu yangu sumu?"

"Nisamehe, bibi, ni mazoea. Maabarani ukiinamia kitu unafukuzwa."

"Basi kanuse vya kwao!"

Mwaka wake wa mwisho alikonda. Dawa aliyokuwa akiitengeneza ilikataa kuganda iwe chembe kama sukari, na bila chembe hizo hahitimu. Huko maabarani hukwaruza chupa kwa ndani ili dawa igande. Yeye hata mezani alikwaruza bilauri kwa uma, mpaka wenzake wakamhama. Theluji ilipoanza kuyeyuka, akaja mbio na koti la maabara, akainamia bakuli langu mpaka pua ikalowa.

"Zimeganda?"

"Zimeganda, bibi!" Akajilamba. "Lakini supu yako ina chumvi, jamani."

Nikamjazia tena, na chumvi yake ile ile.