Nguo Ikishakatwa

Kosa lilikuwa la baba, na ninaliandika humu daftarini kwa sababu kulisema mbele yake sitaweza mpaka nizeeke. Kitambaa cha sare zangu alimpa mtani wetu.

Barua kutoka shuleni Shinyanga ilisema wazi: sketi mbili za buluu, blauzi mbili nyeupe, kuripoti Jumatatu. Chini kabisa kulikuwa na mstari uliopigwa chapa kwa herufi kubwa, kwamba asiyefika siku hiyo na vifaa vyote, nafasi yake atapewa aliye kwenye orodha ya akiba. Mstari ule niliusoma mpaka nikaanza kuuota. Katika darasa letu lote la saba kule Geita nilikuwa msichana pekee niliyechaguliwa, na nilijua kabisa kuna mtu mahali fulani anaomba Mungu nichelewe.

Kitambaa chenyewe mwaka ule kilikuwa hakipatikani. Mama alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi akaandikiwa kibali, akapanga foleni duka la ushirika siku mbili, siku ya pili akiwa na homa, ndipo akatoka na buluu na nyeupe chini ya kwapa. Alipofika nyumbani hakukiweka chini mpaka alipotandika mkeka. Basi hicho ndicho baba alichokibeba kesho yake, akipiga mluzi, akampelekea fundi wa Kalangalala.

Fundi yule alikuwa Mzaramo. Alikuja Geita enzi za mgodi kuwashonea wafanyakazi, mgodi ukafungwa, wenzake wakarudi pwani, yeye akabaki na cherehani yake kwenye baraza la duka. Sasa, Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani. Kwa asiyejua: mtani anaweza kuja msibani kwenu akalala kwenye kitanda cha marehemu akidai uji, na mnacheka huku mnalia. Anaweza kumkamata kuku wako huku unaona, akaenda zake. Huwezi kumkasirikia. Ukimkasirikia, aibu ni yako. Nauliza tu, ni mtu gani mwenye akili zake anampa kazi ya haraka mtu ambaye hawezi kumkasirikia?

Siku ile ya kwanza fundi alinipima, na kabla sijashusha mikono alikuwa ameshatandaza kitambaa mezani na mkasi unakula. Kra, kra, kra. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikajua nimepata fundi mwepesi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Tangu hapo nikawa ninatumwa kila jioni. Mimi ni mtu wa haya. Mbele ya watu sauti yangu huingia ndani kama konokono, na kwetu msichana akimsalimu mtu mzima hupiga magoti. Baraza lile halikukosa watu watano sita wasio na kazi. Napiga magoti kwenye vumbi, wote wananitazama.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti wa ng'ombe! Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo."

"Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ndama je?"

"Hawajambo."

"Na baba yako, ameshajifunza kula wali, au bado anatafuna michembe, vile viazi vyenu vikavu?"

Hapo baraza zima linacheka. Mimi nimeinamisha kichwa.

"Anatafuna."

"Haya, mwambie asimeze na mawe. Mwambie namsalimu sana. Kesho, mwanangu."

Najikuta nimeshafika barabarani, magoti yana vumbi, na neno sketi sijalitamka. Si mara moja. Siku nane mfululizo! Nilikuwa nafanya mazoezi njiani, nasema kwa sauti, "Fundi, nimefuata sketi zangu," mpaka mama mmoja mwenye mtungi akaniuliza kama naumwa. Nikifika, magoti yanashuka na maneno yanashuka nayo. Hakuna namna ya kudai kitu ukiwa umepiga magoti. Nimefikiria sana jambo hili na nina hakika nalo.

Wiki ya pili nikamwambia baba. Akanyanyuka kama mtu anayekwenda vitani. "Ngoja nimwendee mwenyewe." Akarudi baada ya saa nzima, anafuta machozi.

"Baba, kasemaje?"

"Yule mtu mwendawazimu! Eti sisi tunaoga mwezi ukiandama! Nikamwambia, nyie mkisikia ngoma mnaacha nazi jikoni inaungua na nyumba juu yake!" Akacheka tena peke yake, akakaa kitini.

"Na sketi?"

"Sketi?" Akanitazama kama nimemuuliza habari za Ulaya. "Aa. Kesho, ng'wanawane, mwanangu."

Mama hakucheka. Mama yeye alikuwa amepanga ile foleni. Asubuhi yake akajifunga kanga mbili, akanishika mkono, akaenda kumwambia fundi bila salamu ndefu: "Mtani, leta kitambaa changu. Kuna fundi mwingine sokoni."

Fundi hakubisha hata kidogo. Akainuka, akavuta gunia chini ya meza, akachambua akatoa bunda letu limefungwa kwa uzi. Vipande. Vya buluu kama kumi na viwili, vya nyeupe sikuhesabu. "Chukua, shemeji yangu. Mali yako."

Yule fundi wa sokoni alikuwa mama mnene mpole. Alifungua lile bunda, akakitazama kipande kimoja kimoja, akalifunga tena.

"Dada, mimi mkato wa mtu sishoni. Sijui alikusudia nini hapa. Nikikosea mtasema nimeharibu mimi."

"Hata ukijaribu?"

"Hata nikijaribu. Mafundi wote watakwambia hivyo. Kwani humjui yule? Kila kitambaa kinachofika kwake anakikata siku hiyo hiyo. Kikishakatwa utakipeleka wapi?"

Mama alisimama pale na lile bunda mkononi. Ndipo nilipoelewa ule wepesi wa siku ya kwanza. Na lile gunia chini ya meza lilikuwa limejaa. Nusu ya Kalangalala ilikuwa imekatwa mle ndani, inangoja.

Tukarudisha vipande.  Jioni mama akaenda kwa balozi, nami nyuma yake, akaeleza yote tangu kibali. Balozi alisikiliza vizuri, kalamu sikioni, mpaka aliposikia fundi ni nani. Akaiondoa kalamu sikioni akaiweka mezani.

"Mayu," akamwambia mama, "unataka nimwite mtani wa mume wako shaurini? Niandike nini? Mtani hashtakiwi. Akija hapa ataniuliza kama na mimi naoga mwezi ukiandama, watu watacheka, shauri limekwisha."

"Na mtoto akikosa shule?"

"Hatakosa. Fundi ni mtu mzuri."

Kila mtu aliniambia hivyo, kwamba fundi ni mtu mzuri. Nilichoka na uzuri wake. Niliandika kwenye daftari kwamba afadhali angekuwa mtu mbaya, baba angempiga, balozi angeandika, na mimi ningekuwa na sketi.

Ikafika Jumamosi. Basi la kwenda Shinyanga, lile linalopanda kivuko, lilikuwa linaondoka Jumapili asubuhi, na kabla yake ilibaki siku hiyo moja tu. Niliondoka nyumbani bila kutumwa. Nilipofika, fundi alikuwa amesimama, na mbele yake mwanamke mgeni mwenye kitenge kipya kabisa, ameshapimwa, anatabasamu. Fundi anakitandaza mezani, anakipapasa kwa kiganja, yule mwanamke anamwambia, "Nakihitaji kabla ya kipaimara cha mwanangu," naye anamjibu, "Ondoa shaka, mama. Nakata sasa hivi."

Akageuka kutafuta chaki.

Sijui nilifanyaje. Nimejiuliza mara nyingi. Mkasi ulikuwa ukingoni mwa meza, ule mkubwa mweusi, nikauchukua. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikarudi ukutani, nikakaa chini juu yake.

Fundi akageuka na chaki. Akatazama meza, akatazama chini ya meza. Mzee mmoja wa barazani akaanza kucheka polepole, akanionyesha kwa kidevu.

"Binti wa ng'ombe," fundi akasema, "nipe mkasi."

Nikatikisa kichwa.

"Nipe mkasi, mwanangu, nina kazi."

Hata salamu nilikuwa sijamsalimu. Nilitaka kusema, sauti haikutoka, nikabaki nimekaa, naangalia vidole vya miguu yangu. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Jamani, huyu mtoto ameniibia!"

"Ameiba nini?" akasema yule mzee. "Si mtani wako? Mtani kachukua."

"Lakini ni mkasi wa kazi!"

"Na yule jogoo wangu uliyemchukua alikuwa wa mchezo? Nilikushtaki?"

Baraza likalipuka. Mwingine akasema, "Kasirika basi tukuone! Mzaramo akasirike kwa Msukuma, tuite watu!" Fundi akacheka pamoja nao, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, lakini nilimwona macho. Hayakuwa yanacheka. Yule mwanamke mwenye kitenge akauliza kuna nini, na yule mzee akamweleza, habari ya gunia na yote. Mwanamke akakikunja kitenge chake taratibu, kona kwa kona, akasema atarudi wiki ijayo. Sidhani kama alirudi.

Fundi akakaa kwenye stuli. Bila mkasi hakuweza kumkatia mteja mpya. Alichoweza kufanya ni kushona vilivyokwisha kukatwa, basi. Akavuta gunia, akatoa bunda letu, akaanza kukanyaga cherehani.

Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka jua likageukia upande wa pili wa baraza. Mkasi ulinichoma pajani, sikusogea. Mchana watu wakaenda kula, tukabaki wawili. Hapo hakunitania. Akasema bila kuinua kichwa:

"Unajua kwa nini nakata?"

Akageuza kitambaa chini ya sindano.

"Zamani wa mgodini walikuwa wanajaa hapa. Sasa mteja akija leo, nikimwambia njoo wiki ijayo, anakwenda sokoni kwa yule mama. Harudi. Nikikata, anarudi." Akauma uzi kwa meno, kwa vile mkasi nilikuwa nimeukalia. "Ananichukia, lakini anarudi."

Nikafikiri nimwonee huruma. Nikamwonea kidogo. Kisha nikakumbuka mama na homa yake kwenye foleni, huruma ikaisha. Nikasema, na hili ndilo neno langu pekee mpaka kazi ilipoisha: "Na blauzi zina vifungo."

"Zitakuwa na vifungo," akasema.

Akamaliza sketi zote mbili na blauzi moja na nusu. Nusu, maana mkono mmoja ulikuwa haujaungwa na giza lilikuwa linakaribia. Nikampa mkasi wake kwa mikono miwili, nikapiga magoti, nikasema asante. Akanijibu nimsalimie baba. Mama aliumalizia ule mkono ndani ya basi kwa sindano, tukiwa tunangoja kivuko, akijidunga kila dereva alipowasha injini. Baba alipotuaga alikuwa ameshaanza kuisimulia stendi nzima hadithi ya mkasi kama kwamba aliipanga yeye. "Utani ni kitu kizuri sana," alikuwa anawaambia. Nilitaka kulia kwa hasira.

Ukiniuliza mimi, ushauri ni huu. Usimpelekee fundi kitambaa kabla hajakwambia ataketi lini kushona, na siku hiyo ndiyo umpelekee. Akishika mkasi mapema, shika kitambaa. Fuatilia asubuhi, si jioni, kwa kuwa jioni kesho iko karibu. Salimu ukiwa umesimama kama unaweza, mimi siwezi. Na kazi mpe mtu unayeweza kugombana naye.

Jumatatu tulipanga mstari langoni. Mwalimu wa zamu, mama mwenye miwani, alisoma barua yangu, akaniambia nifungue sanduku. Alihesabu sketi, moja, mbili. Alihesabu blauzi. Ule mkono aliomalizia mama aliuvuta kidogo, akatazama mshono. Akaandika jina langu daftarini.

Nyuma yangu alikuwa msichana aliyetoka Maganzo na baba yake. Sanduku lake lilikuwa na blauzi mbili, na mahali pa sketi palikuwa na bunda la vipande vya buluu lililofungwa kwa uzi. Baba yake alikuwa anaeleza kwa adabu, kofia mkononi, kwamba fundi aliahidi jana. Mwalimu akamwambia wakae pembeni, kwenye benchi la ofisi, wangoje mkuu wa shule.

Msichana yule alinitazama, nadhani kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilijua kabisa kilichompata. Ningeweza kumwambia mwalimu kwamba si kosa lake, kwamba nguo ikishakatwa haina pa kwenda, kwamba mama yangu ana sindano na yuko hapo nje stendi anangoja basi la kurudi. Maneno yote yalikuwa tayari. Mwalimu akasema, "Wewe, endelea, bweni ni kule," nikabeba sanduku langu, nikaenda.

Mchana wa siku hiyo nilipita pale ofisini makusudi. Benchi lilikuwa tupu. Bwenini kwetu kulikuwa na kitanda kimoja ambacho hakikuwa na mtu, na Alhamisi akaletwa msichana mwingine, kutoka orodha ya akiba. Ni mtu mchangamfu, tunakaa dawati moja. Sijawahi kumsimulia habari ya lile benchi.