Imetumwa Siyo Imefika

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Nakusimulia wewe unayesoma kompyuta pale chuoni Chimwaga, maana nimesikia unavyojisifu kwamba programu yako imeongea na seva ya mbali kwa mara ya kwanza. Hongera sana. Ila nisikilize kidogo.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia, vitu vya nje vikamwagika mjini, na kompyuta kuukuu zikawa zinauzwa Chang'ombe ya huku kwetu, pembeni ya vitenge na masufuria. Mimi nilikuwa fundi redio wa kidato cha nne, alama zenyewe tusizitaje. Nilijifundisha kuandika programu kwa kitabu kisicho na jalada, na ndoto zangu zilikuwa kubwa kuliko chumba nilichopanga. Hospitali moja ya mjini ikaniamini, sijui Mungu aliwalainisha vipi. Walitaka kituo cha afya cha kijiji kimoja, njia ya kwenda Hombolo, kiweze kuita gari la wagonjwa kwa kompyuta, kwa sababu simu yao ya mapokezi ilikuwa haishikiki. Kila ukipiga, inaongea na mwingine.

Nikaandika programu mbili. Ya kijijini, muuguzi anaandika hali ya mgonjwa, anabonyeza TUMA, kompyuta inapiga simu yenyewe hospitali, kwenye laini ya pekee isiyopita mapokezi. Ya pili ilikaa kwenye seva ya hospitali ikisubiri. Ikipokea tu, inachapa karatasi mezani kwa dereva. Katikati ndizo hizo soketi mnazofundishwa: tundu huku, tundu kule, maneno yanapita kama maji kwenye bomba.

Siku ya kuanza kazi nilifika kijijini asubuhi, shati limenyooka kwa pasi. Muuguzi mkuu alikuwa Mama Masima, Mgogo wa makamo aliyekuwa amezalisha karibu kijiji kizima. Hata sijamaliza kumwonyesha vitufe, akaletwa mwanamke juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Uchungu siku ya pili, damu inamtoka. Mumewe ametembea kando ya mkokoteni njia nzima amemshika mkono.

Mama Masima akaichukua simu. Nami, mwanangu, nikamzuia.

"Acha, mama. Mashine ina kasi kuliko mdomo."

Laini ilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeichomeka kwenye kompyuta. Nikabonyeza. Modemu inayounganisha kompyuta na simu ikalia milio yake, kioo kikaandika IMETUMWA. Nikapiga makofi peke yangu.

Tukasubiri. Saa nzima ikapita. Barabara nyeupe, tupu, hata vumbi la gari hakuna. Ndani yule mgonjwa alikuwa anaita, kisha akaanza kuita kwa sauti ndogo, na hiyo ndogo ndiyo iliyonitisha. Mama Masima akatoka, glavu zimelowa.

"Wamesemaje?"

"Imetumwa, mama."

"Sikuulizi wewe umesema nini. Nauliza wao wamesemaje."

Nikatazama kioo. Neno lile nililiandika mimi mwenyewe, nikaliamuru litokee pale tu kompyuta yangu inapomaliza kuyaachia maneno. Kama yamefika, kama yupo aliyeyasoma, sikuwa nimeuliza.

"Wewe fundi," akasema, "ukinikuta njiani ukasema shikamoo, ukapita hujasikia marahaba, umeniamkia? Kwetu Wagogo mtu akikuamkia mbukwenyi anasimama. Anaulizwa za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, anajibu, na yeye anauliza. Wewe umepiga hodi, ukageuka kusherehekea. Chomoa huo uzi wako!"

Nikachomoa. Tundu la simu nikalikosa mara mbili. Akapiga. Inaongea. Akapiga tena. Inaongea. Mume amesimama mlangoni, ananitazama mimi, si mwingine. Sijui ni mara ya ngapi, ikapokelewa. Mama Masima akasema yote, halafu akasema, "Sasa rudia." Hakuiweka simu chini mpaka yule wa mjini alipolitaja jina la kijiji na hali ya mgonjwa, na kusema gari linawashwa.

Kumbe kule hospitali hawakuwa wamepata kitu. Programu yangu ya kule ilikuwa imekwama tangu asubuhi. Seva ilifungua mlango, ikapokea maneno yangu, ikayaweka barazani, na ndani hapakuwa na wa kuyasoma.

Gari lilikuja, likamchukua; nafasi ya mume haikuwepo. Mimi na mume tukabaki tumekaa karibu na simu kama watu waliofungwa pamoja. Alasiri ikaita. Mama Masima akasikiliza.

"Wote wawili?" akauliza. Kisha: "Rudia." Akafumba macho, akamgeukia mume. "Wote wawili wazima."

Yule bwana akakaa sakafuni, akalia. Mimi nililia kumshinda, sioni aibu kukuambia.

"Futa kamasi, fundi," Mama Masima akasema. "Na hiyo mashine yako uifundishe adabu."

Nikaifundisha. Tangu hapo ukibonyeza TUMA, kioo kiliandika NASUBIRI JIBU, na hakikubadilika mpaka karatasi ichapwe kule na seva irudishe jina la mgonjwa. Dakika moja ikipita kimya, kompyuta inakata laini yenyewe na kuandika: PIGA SIMU.

Basi nasaha yangu ni hiyo, mwanangu. Soketi ikifunguka usiseme umepokelewa. Maneno yakitoka kwako usiseme yamefika. Subiri jibu, weka kikomo cha kusubiri, na jibu lisipokuja mwambie mtu ukweli mapema, angali na muda wa kutafuta njia nyingine. Wala usimpokonye mtu simu yake kwa sababu ya kuipenda kazi ya mikono yako. Hata nje ya kompyuta ni hivyo hivyo: uliyemwomba radhi, uliyempa ahadi, ngoja akuitikie.

Nenda, Mungu akubariki. Kila utakayemwita akuitikie, na wewe usiwe wa kuitwa ukanyamaza.