Njia Iliyokomea Rahaleo

Naikumbuka siku moja kuliko nyingine zote, mwanangu. Nilikuwa msichana bado, mchora ramani katika ofisi ya mipango miji hapa Mtwara. Marehemu baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Kila asubuhi alifunga tenga nyuma ya baiskeli akaelekea sokoni. Njia ya baiskeli, ile yenye ukingo wa zege unaoitenga na magari, wakati huo ilikomea mtaa wa Rahaleo, kabla ya kufika mjini kati. Ukifika hapo unaingia barabarani, mnabaki wewe na Mola wako. Msimu mmoja wa korosho, lori lililojaa magunia likamsukumia baba mtaroni, akavunjika mguu.

Haikupita muda nikapewa kazi ya kuchora mwendelezo wa njia hiyo hadi katikati ya mji. Nilichora kwa uchungu, na uchungu una nguvu zake. Lakini tulipoupeleka mchoro mkutanoni, wenye maduka waliwaka. Bi Fatu, muuza nafaka, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alisimama.

"Ukijenga ukingo mlangoni kwangu, magunia yangu yashukie wapi? Kichwani mwako?"

Watu wakaangua kicheko. Mkuu wangu wa kazi akaniambia niuweke mchoro kabatini.

Nikarudi nyumbani nikasema nitaomba uhamisho, mkoa wowote ule. Baba alikuwa amelala mkekani, mguu kwenye plasta. Hakunibembeleza.

"Mimi nimevunjika mguu," alisema. "Wewe umevunjika nini?"

Nikaketi chini kando ya mkeka wake.

"Yule mama amekuuliza swali, binti yangu. Nenda kamjibu. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

Kesho yake asubuhi nikaenda dukani kwa Bi Fatu. Hakunikaribisha kiti. Nikasimama tu, nikiwatazama wabeba mizigo wakishusha magunia. Nikarudi tena na tena, hadi alipochoka kuninunia akanipa kikombe cha uji. Hapo tukazungumza. Nikamweleza kwamba lori lingesimama upande wa nje, baiskeli zipite ndani, kati ya lori na baraza yake, na ukingo uachwe wazi mahali pa kupitishia mizigo.

"Maneno hayo," akasema. "Nichoree hapa chini nione."

Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka. Nikapiga mstari wa chokaa mbele ya duka. Lori likaja, likasimama nje ya mstari. Mzee mmoja mwenye baiskeli ya mkaa akapita ndani. Wabeba mizigo wakampisha, wakaendelea na kazi. Bi Fatu alitazama, mikono kiunoni.

"Na hawa wa baiskeli nao ni wateja wangu," alisema taratibu.

Mkutano wa pili alisimama yeye kabla yangu, akautetea mchoro. Si wote waliokubali. Wengine walitupinga hadi mwisho, na mchoro ulirudiwa mpaka nikauota. Lakini njia ilijengwa. Baba hakupanda baiskeli tena, maana mguu ulipona umepinda. Alikwenda kuitazama kwa mkongojo, akasema tu, "Alhamdulillahi."

Sasa nasikia ninyi vijana mnataka kuifikisha bandarini, na mkutano wa kwanza umewakatalia. Usikimbie, mwanangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayekupinga ana jambo linalomuuma. Mfuate alipo, msikilize, kisha urudi kwenye lako. Mchoro ubadilishe hata mara kumi, nia usiiache, kwa sababu wanaopita barabara ile kwa baiskeli ni baba zenu na mama zenu.

Mwenyezi Mungu akupe moyo thabiti na ulimi laini, na kila atakayepita hapo utakapojenga afike kwake salama. Amina.